Mzee Euler: kipofu aliyeona maumbo kuliko sisi wenye macho

Siasa nimeziweka pembeni kidogo, tutarudi kugombana wiki ijayo panapo majaliwa. Leo nataka kumsimulia mzee mmoja wa hisabati aliyefariki mwaka 1783. Usikimbie. Habari yenyewe inaanzia kwenye maandazi.

Nilikuwa darasa la sita. Jamaa niliyekaa naye dawati moja alichora mraba kwenye vumbi, akaukata kwa mistari miwili kutoka kona hadi kona, ukawa kama mgongo wa bahasha. Akaniambia: chora hii bila kunyanyua kijiti na bila kupita juu ya mstari mara mbili. Ukiweza nakupa andazi langu wiki nzima, ukishindwa nakula lako. Nikaona mteremko. Nilichora mpaka kengele ikagongwa, usiku nikaendelea nyuma ya daftari la Sayansi, na kila nikimaliza kuna mstari mmoja umebaki unanicheka. Wiki nzima jamaa akala maandazi yangu mbele ya macho yangu.

Hiyo ilikuwa cha mtoto. Kidato cha pili mwalimu mmoja alichora ubaoni boksi lililokunjuliwa, akauliza likikunjwa tena upande upi utatazamana na upi. Wenzangu walinyoosha mikono kabla hajamaliza kuuliza. Mimi kichwani naona giza tu. Akasema mbele ya darasa kwamba mimi sina jicho la maumbo, nisijisumbue na mchepuo wa sayansi. Nikaamini, na kweli sikujisumbua. Jumlisha na kwamba mpaka leo napotea Kariakoo, wakati dada yangu akishuka kwenye daladala popote pale anajua kaskazini iko wapi. Nikajihesabu kuwa mtu niliyeumbwa bila ramani kichwani.

Yote hayo nilikuwa nimeshayasahau. Majuzi mpwa wangu, mtoto wa huyo huyo dada, akaja amenuna. Yuko kidato cha pili, na ameambiwa maneno yale yale kwa boksi lile lile. Akaniuliza, mjomba, hivi mtu anaweza kuzaliwa hana jicho la maumbo? Nikakosa jibu la haraka. Jibu lililonijia baadaye ni huyu mzee.

Anaitwa Leonhard Euler. Jina la Kijerumani hilo, tamka Oila. Alizaliwa tarehe 15 Aprili 1707 mjini Basel, Uswisi. Baba yake alikuwa mchungaji na alitaka mwanawe naye awe mchungaji. Dogo akaingia chuo kikuu cha Basel akiwa na miaka 13. Pale alikuwepo Johann Bernoulli, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ulaya wakati ule. Bernoulli hakuwa na muda wa kumfundisha peke yake, akampa vitabu vigumu akasome mwenyewe, na Jumamosi mchana dogo alikuwa anampelekea yale yaliyomshinda. Hatimaye mzee mchungaji akakubali mwanawe aachwe na hesabu zake.

Akiwa na miaka 20, mwaka 1727, Akademia ya Sayansi ya Paris iliendesha shindano: milingoti ya meli ipangwe vipi ili meli iende vizuri. Sasa angalia, Uswisi haina bahari. Kijana amekulia huko, lakini alikaa chini na kalamu akatuma jibu. Hakushika nafasi ya kwanza. Aliyeshinda ni Pierre Bouguer, Mfaransa ambaye kufundisha mambo ya bahari ndiyo ilikuwa kazi yake. Ila andiko la Euler lilipewa heshima nyuma yake. Shika hilo mkononi, tutalihitaji.

Mwaka huo huo aliomba uprofesa Basel akakosa. Akafunga safari mpaka St. Petersburg, Urusi, kwenye Akademia mpya ya Sayansi. Mwaka 1733 akawa profesa wa hisabati. Mwaka 1734 akamwoa Katharina Gsell, binti wa mchoraji. Walipata watoto 13, na ni watano tu waliovuka utoto. Ndivyo dunia ilivyokuwa enzi hizo.

Hapo ndipo lilipomfikia swali la madaraja.

Kulikuwa na mji unaitwa Königsberg, wakati huo wa Prussia, leo unaitwa Kaliningrad na uko Urusi. Mto Pregel unapita mjini, unazunguka kisiwa kinachoitwa Kneiphof, halafu unagawanyika tena. Kwa hiyo mji ulikuwa na vipande vinne vya ardhi vilivyounganishwa na madaraja 7. Swali la watu wa kule lilikuwa hili: inawezekana kutembea mjini ukavuka kila daraja mara moja, mara moja tu, bila kubakiza hata moja?

Mtu mwenye ramani kali kichwani angefumba macho akaanza kutembea: napita hapa, nakunja kule, narudi huku. Mimi ningepotea kwenye daraja la pili. Euler alifanya kitu kingine kabisa. Alitupa ramani. Urefu wa madaraja akautupa, upana wa mto akautupa, mitaa, kaskazini, kusini, vyote nje. Vipande vinne vya ardhi akavipa herufi, A, B, C na D, halafu akahesabu madaraja yanayogusa kila herufi.

Fikiria hivi. Ukiingia sehemu na ukatoka, umetumia madaraja mawili, la kuingilia na la kutokea. Ukipita tena, mengine mawili. Kwa hiyo sehemu yoyote unayopita tu lazima iwe na madaraja ya idadi shufwa: 2, 4, 6. Sehemu yenye idadi witiri inaweza kuwa ya kuanzia safari au ya kumalizia, basi. Na safari ina mwanzo mmoja na mwisho mmoja. Sehemu za witiri zikizidi mbili, imekula kwako.

Königsberg, kisiwa cha Kneiphof kiliguswa na madaraja 5. Vipande vingine vitatu, kila kimoja madaraja 3. Vyote vinne witiri. Haiwezekani, na haitawezekana hata utembee mpaka viatu viishe. Jibu hilo aliliwasilisha kwenye Akademia tarehe 26 Agosti 1735. Ile michoro ya nukta na mistari inayowekwa vitabuni leo haimo hata kwenye andiko lake, wengine ndio walikuja kuichora karne ya 19. Yeye alitumia herufi na hesabu ya mtoto wa darasa la pili. Kutoka hapo limezaliwa tawi zima la hisabati ambalo leo linatumika kupanga njia za magari ya mizigo na mitandao ya kompyuta, ukiwemo huu uliokuletea ukurasa huu hapo kafe.

Sasa rudi kwenye mraba wangu wa vumbini. Kona nne. Kila kona inaguswa na mistari mingapi? Pande mbili na mstari wa mshazari mmoja, jumla 3. Kona zote nne witiri. Yaani mchoro ule hauchoreki, si na mimi wala na mtu yeyote aliyewahi kuzaliwa. Siku niliyolijua hilo nilikuwa mtu mzima na nilicheka peke yangu mpaka jirani akachungulia. Usiku ule wote wa darasa la sita nilikuwa sijashindwa kitu.

Tuendelee na mzee. Mwaka 1735 aliugua homa kali nusura afe. Mwaka 1738 jicho la kulia likaacha kuona. Watu wengi wa baadaye wanadhani ni mambo ya ile homa. Yeye mwenyewe alilaumu ramani! Akademia ilikuwa imempa kazi kwenye idara ya jiografia, kuandaa ramani za nchi kubwa kama Urusi, kazi ya kukodoa macho mchana kutwa. Mtu aliyetatua madaraja kwa kuitupa ramani akaamini ramani ndiyo iliyomla jicho.

Mwaka 1741 akahamia Berlin kwa mwaliko wa mfalme Frederick II wa Prussia. Akakaa miaka 25. Mfalme alipenda watu wa maneno matamu na vichekesho vya mezani. Euler alikuwa mtu wa dini, mtulivu, kalamu na watoto wake, basi. Mfalme akawa anamtania kwenye barua zake kwa kumfananisha na lile jitu la hadithi za Kigiriki lenye jicho moja. Fikiria, bosi wako anacheka ulemavu wako, na wewe ndiye unayeibeba ofisi.

Huko huko Berlin, mwaka 1750, alimwandikia rafiki yake Goldbach kuhusu jambo ambalo Wagiriki na wote waliofuata kwa miaka 2000 walilipita bila kuliandika. Chukua kiberiti. Kona 8, nyuso 6, kingo 12. Jumlisha kona na nyuso, toa kingo: 8 na 6 ni 14, toa 12, unabaki na 2. Chukua zile pakiti za maziwa za zamani za pembe tatu, watu wazima watazikumbuka. Kona 4, nyuso 4, kingo 6. Jibu 2. Umbo lolote lenye nyuso bapa, lisilo na tundu wala mabonde, jibu ni 2. Uthibitisho wake wa kwanza ulikuwa na mwanya ambao wengine waliuziba baadaye, lakini kanuni ilisimama na ina jina lake mpaka leo.

Sasa njoo kwenye mpira wa miguu, ule wa vipande vyeusi na vyeupe uliochezewa Kombe la Dunia Mexico mwaka 1970. Nikikwambia fumba macho uone kona zake zote, utaweza? Mimi siwezi, na sidhani dada yangu anaweza. Lakini najua una vipande vyeusi 12 vyenye pande 5, na vyeupe 20 vyenye pande 6. 12 mara 5 ni 60, 20 mara 6 ni 120, jumla pande 180. Kila mshono unaunganisha pande mbili, kwa hiyo mishono ni 90. Kila kona wanakutana vipande vitatu, kwa hiyo gawanya 180 kwa 3, kona ni 60. Hakikisha: kona 60 na nyuso 32 ni 92, toa 90, unabaki na 2. Tumeuhesabu mpira mzima bila kuuona.

Mwaka 1766 alimchoka yule mfalme, akarudi St. Petersburg akiwa na miaka 59. Jicho la kushoto, lile zima, likaanza kupata mtoto wa jicho. Mei 1771 moto mkubwa uliteketeza mamia ya nyumba mjini, na ya kwake ikiwemo. Mzee haoni, moto umezunguka. Akaokolewa na Peter Grimm, fundi aliyetoka naye mji mmoja wa Basel, aliyeingia akambeba akatoka naye. Maandiko yake mengi yaliokolewa. Baadaye mwaka huo huo alifanyiwa upasuaji wa jicho. Akaona tena, furaha nyumba nzima, halafu jicho likashika uchafu na giza likarudi moja kwa moja. Mwaka 1773 akafiwa na Katharina.

Ungetegemea habari iishie hapo. Mzee kipofu, amefiwa, nyumba imeungua, apumzike kwenye kiti. Badala yake karibu nusu ya kazi zote za maisha yake zilitoka baada ya kurudi St. Petersburg. Kuna mwaka, 1775, alitoa kwa wastani andiko moja kila wiki. Kitabu chake cha aljebra alimtamkia kijana aliyekuwa akijifunza ushonaji, na inasimuliwa kwamba kijana yule alianza hajui kitu na kazi ilipokwisha akawa anazielewa hesabu zenyewe. Mwaka 1772 kikatoka kitabu kikubwa cha mwendo wa mwezi.

Tusidanganyane kwamba ni muujiza. Alikuwa na wasaidizi: mwanawe Johann Albrecht, na vijana kama Lexell na Fuss, yeye anasema wao wanaandika na kukokotoa. Aliweza kuchora maumbo makubwa kwa chaki kwenye ubao. Na alikuwa na kumbukumbu ya ajabu, utenzi wa Virgil unaoitwa Aeneid aliujua wote kwa kichwa. Lakini tazama na mtindo wake wa kazi tangu ujana. Meli bila bahari. Madaraja bila ramani. Maumbo kwa kuhesabu kona na kingo. Giza lilipokuja lilimkuta mtu ambaye sehemu kubwa ya kuona kwake ilishahama machoni zamani.

Tarehe 18 Septemba 1783 alimfundisha mjukuu wake hesabu, akapiga hesabu za mapuya ya kupaa angani ambayo Ufaransa walikuwa wameanza kuyarusha mwaka ule ule, akazungumza na Lexell kuhusu njia ya sayari ya Uranus iliyogunduliwa 1781. Jioni kiharusi kikampiga, usiku akafariki akiwa na miaka 76. Akademia iliendelea kuchapisha maandiko yake kwa miaka zaidi ya 40 baada ya hapo. Orodha ya kazi zake iliyokuja kutengenezwa ilifika namba 866. Na mji wa madaraja? Mabomu ya mwaka 1944 yaliuvunja vibaya, na mawili kati ya yale saba yakaenda nayo.

Sasa swali la mpwa wangu. Je, watu wanatofautiana? Ndiyo, tusifichane. Mwaka 1971 Shepard na Metzler huko Marekani waliwapa watu jozi za picha za vitofali, wakagundua kwamba kadiri umbo linavyohitaji kuzungushwa zaidi kichwani, ndivyo jibu linavyochelewa, na wengine huzungusha haraka kuliko wengine. Lakini watafiti wengine wakaja kuona kwamba hata waliozaliwa vipofu wanazungusha maumbo kichwani, kwa kupapasa. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walipima ubongo wa madereva teksi wa London, ambao lazima wakariri maelfu ya mitaa, wakakuta sehemu ya ubongo inayohusika na njia ni kubwa zaidi kwa nyuma, na zaidi kwa waliokaa muda mrefu kazini. Mwaka 2013 zikakusanywa tafiti nyingi pamoja, ikaonekana mazoezi yanaongeza uwezo huu. Kwa hiyo kuna wa haraka na wa polepole, ila hakuna mlango uliofungwa kwa ufunguo.

Na hata yule wa polepole ana njia ya pili, ile ya mzee: ukishindwa kuiona picha yote, uliza ni nini ndani yake ambacho ni lazima, vingine tupa, kisha hesabu.

Nilimpa mpwa wangu boksi la majani ya chai na mkasi. Tukalikunjua, tukaandika namba kila upande. Nikamwambia asijaribu kulikunja kichwani. Kwenye mstari mnyoofu wa pande, ruka mmoja, unaofuata ndio utakaotazamana nao. Akajaribu kwa kidole, akakunja kuhakiki, ikawa. Akanyamaza kidogo, akauliza kwa nini hawakumwambia hivyo darasani. Hilo nalo sikuwa na jibu. Mchepuo bado hajachagua, na sitamchagulia. Nilichomwomba ni kwamba asiache sayansi kwa sababu ya sentensi moja ya mtu, kama alivyofanya mjomba wake.

Yule jamaa wa maandazi nilimpigia simu nikamweleza habari ya witiri na shufwa. Akacheka sana. Kumbe na yeye kaka yake alimlia maandazi kwa mchoro ule ule, na siku zote alidhani unachoreka.

Haya, kazi kwenu. Chukua ule ule mraba wa mshazari mbili, uongezee paa la pembetatu juu, uwe nyumba. Je, unachoreka bila kunyanyua kalamu? Kama ndiyo, lazima uanzie kona gani na utaishia wapi? Usianze kuchora, hesabu kwanza. Weka jibu na sababu yako kwenye maoni hapo chini. Na wale walioambiwa hawana jicho la maumbo, leteni habari zenu pia, nadhani tuko wengi.